Siku yangu ni ile ya wolai, mimi na jaduong' juu ya barafu

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki mmeuliza ni siku gani tuliyoifurahia kuliko zote tukiwa na rafiki, na nini hasa kiliifanya iwe tamu. Najua mtaletewa harusi nyingi na fainali za mpira na safari za Zanzibar, sawa, mimi yangu ni siku nzima nimekaa kwenye kibanda juu ya ziwa lililoganda, nje baridi nyuzi 27 chini ya sifuri, navua samaki anaitwa wolai na rafiki yangu wa Homa Bay, Kenya. Na hatukuuza hata mmoja. Hapo kwenye kutouza ndo penyewe, ntafika.

Mi ni mtu wa Musoma, Ziwa Victoria upande wa Tanzania, nimekulia ziwani, mzee wangu alianza na mtumbwi wa kasia baadaye akapata injini ya mkopo. Kwetu uvuvi ni kazi, tena kazi ngumu, unaingia usiku, unalowana, upepo ukibadilika unasali sala zote unazozijua na usizozijua, asubuhi mwaloni wachuuzi wanakusubiri na bei wameshapanga wao, ukitoa mafuta, ukitoa mgao wa wenzio kwenye chombo, ukitoa deni la nyavu, kinachobaki ni cha unga na sabuni. Sikumbuki kumwona mzee wangu akicheka akiwa ziwani. Akicheka alikuwa anacheka nyumbani, tena akishakula. Kwahiyo nilipokuja Minnesota, jimbo la Marekani lile la kaskazini linalopakana na Kanada, wenyewe wanajisifia maziwa 10,000, nikakuta watu wanaomba ruhusa kazini, wanalipa hela zao, wanaenda kukaa kwenye baridi ya kuua, wanavua samaki alafu wanamrudisha majini huku wanachekelea, nikasema hawa wenzetu kuna kitu wanavuta.

Sasa huyu rafiki yangu. Kazini wote tunamwita jaduong', yaani mzee kwa Kiluo, ana mvi na anapenda heshima yake, Mluo wa Homa Bay, tunafanya shifti moja kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ziwa letu ni moja ila yeye ni wa ng'ambo, mi nikisema sangara yeye anasema mbuta, nikisema dagaa yeye omena, na ubishi wetu haujawahi kuisha tangu siku ya kwanza tumekutana kwenye chumba cha chai. Pale kazini kuna babu mmoja, Mmarekani, tunamhudumia, amevua tangu utoto, mkono wake mmoja haufanyi kazi tena lakini mdomo wake ni samaki tu, na samaki mwenyewe ni mmoja, anaitwa walleye, sisi tumezoea kumwita wolai. Huko ndo samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, wana sheria kabisa ya kumtambua, kama sisi na twiga. Babu ndo alituchokonoa. Akasema nyie mnajiita watu wa ziwa na hamjawahi kukaa juu ya barafu, nendeni kwenye ziwa la Lake of the Woods mwezi wa kwanza, kodini kibanda, na msiwe na haraka. Jaduong' akajibu palepale, "Mzee, sisi tukienda tunamaliza hao samaki." Babu akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Tukatoka usiku baada ya shifti, mwendo wa saa tano na zaidi kwenda kaskazini, jaduong' kashika usukani mi naangalia paa wasituvukie barabarani. Ukishapita mji wa Bemidji unaingia kwenye misitu na vinamasi vitupu, alafu unapita pembeni ya ziwa linaitwa Upper Red Lake, na pale jaduong' akanipa stori aliyoitoa kwa babu, nimekuja kuhakikisha ni ya kweli. Sehemu kubwa ya Red Lake ni ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, na kulikuwa na uvuvi wa biashara wa wolai miaka mingi. Wakavua wao, wakavua na watu wa jimbo upande wao, halali na haramu, mpaka kufika miaka ya 1990 wolai hamna. Hamna kabisa. Mwaka 1999 kabila na serikali ya jimbo wakakubaliana kufunga, wakamwaga vifaranga kwa mamilioni, ziwa likapumzishwa, likafunguliwa tena 2006 samaki wamejaa. Nikasema safi sana hao. Jaduong' akakaa kimya kidogo akasema, "Safi, lakini kwetu ukifunga ziwa miaka saba, hao watu watakula nini?" Sikuwa na jibu na sina mpaka saivi, tukaendelea na safari.

Mji tuliofikia unaitwa Baudette, mdogo, ukiingia unakutana na sanamu ya wolai ya urefu wa futi 40, ipo tangu 1959. Tulipiga nayo picha gizani kwa taa za gari, haikutoka vizuri lakini nimeitunza. Mwezi wa kwanza kule jua linachomoza saa 2 asubuhi na kabla ya saa 12 jioni limeshazama, kwa sisi tuliozoea jua la saa 12 kwa saa 12 ni kama mtu anakupunja siku.

Vibanda vinakodishwa na watu wenye hoteli pale ufukweni, wao ndo wanachonga barabara juu ya barafu, wanaipima unene kila mara, na palipopasuka wanaweka madaraja ya mbao na chuma. Tulipelekwa na gari la minyororo kama kifaru cha jeshi, dereva kijana mchangamfu, akatuambia hili ziwa lina visiwa zaidi ya 14,000 na kipande kikubwa kiko Kanada. Jaduong' akamuuliza ukubwa wake, kijana akasema kwa fahari ni kilomita za mraba elfu nne na kitu. Jaduong' akamwambia letu ni elfu 68 na zaidi, ila halijawahi kuganda hata pembeni, kwahiyo tunaweza kusema ni sare. Kijana alicheka njia nzima.

Ngoja niwaambie kuhusu barafu maana hili hakuna aliyenionya. Barafu inalia. Wanasema mtu kutembea kwa usalama inatakiwa angalau inchi 4, ile yetu ilikuwa imezidi mara nyingi, malori yanapita, lakini inapotanuka na kujibana kwa baridi inatoa mngurumo unaanza mbali huko Kanada unakuja unapita chini ya miguu yako unaenda zake. Mara ya kwanza niliruka nikashika mlango. Jaduong' alikuwa ameshika mlango kabla yangu. Dereva akasema inapolia ndo nzima. Sawa, tulikubali kwa sababu hatukuwa na pengine pa kukimbilia.

Kibanda chenyewe ni chumba kidogo cha mbao, benchi huku na huku, jiko la gesi ukutani linatoa joto mpaka unavua koti, na kwenye sakafu matundu yanayotazama matundu ya barafu yaliyotobolewa na keekee kubwa ya injini, upana wake inchi kumi hivi. Ukichungulia unaona maji ya rangi ya chai ya rangi, ndivyo lilivyo ziwa lile, yanatokea kwenye mabwawa ya msituni. Chini futi kama 28. Sheria ya barafu inaruhusu kila mtu fimbo mbili, moja unaishika unachezesha jigi, ile ndoano yenye kichwa kizito cha madini ya risasi, ya kwetu ilikuwa ya dhahabu maana kule wanaapa kwa rangi ya dhahabu, na umetunga samaki mdogo wa chambo aliyegandishwa, ya pili unaiacha na kiboya na chambo hai unaangalia tu. Alafu kuna upawa wenye matundu wa kuondolea vipande vya barafu maana tundu linataka kujifunga kila baada ya muda, kazi hiyo tulipokezana na jaduong' alikuwa anajisahaulisha makusudi.

Na kuna sona, mashine ya kukuonyesha kilichopo chini ya maji. Hii mashine nusura initoe machozi, nikimfikiria mzee wangu anavyotumbukiza kamba kwenye giza anategemea Mungu. Ni kisahani kina rangi, jigi lako linaonekana kama mstari wa kijani, ukilipandisha linapanda, ukilishusha linashuka, na sakafu ya ziwa ni mstari mnene mwekundu. Sasa unakaa unachezesha, unachezesha, ghafla kwenye ile sakafu kinajitenga kipande, kinapanda polepole kuelekea jigi, kinakuwa chekundu. Huyo samaki. Anasimama chini ya jigi lako anakuangalia. Ukitingisha sana anaondoka, ukiacha kabisa anaondoka, inabidi ulipandishe kidogo kama linamkimbia, naye anafuata, unapandisha tena, anafuata, moyo unakwenda mbio na hujagusa kitu, alafu ncha ya fimbo inainama kidogo tu, tik, wolai havuti kwa fujo. Sangara anakuja kama mtu wa deni. Huyu anagonga kwa adabu.

Wa kwanza alikuwa wangu, alfajiri jua halijatoka vizuri, na huo ndo wakati wake, asubuhi sana na jioni. Nyuma ya jicho lake ana utando unaorudisha mwanga, ukimmulika jicho linawaka kama la paka, kwahiyo kwenye giza hafifu yeye anaona na wale samaki wadogo anaowala hawaoni vizuri, anawachukua kirahisi. Nilipomtoa kwenye tundu, rangi ya dhahabu na kijani ya mafuta ya zeituni, tumbo jeupe, pezi la mkia lina ncha nyeupe kwa chini, hiyo ncha ndo inakutofautishia na soga, binamu yake mdogo mwenye mabaka. Nikataka kumshika kwa mdomo kama sato, jaduong' akapiga kelele "Meno! Ana meno huyo!" Na kweli anayo, tena kifuniko cha shavu lake kinakata kama wembe.

Sasa ndo tukafika kwenye rula. Sheria ya ziwa lile, kila mtu anabaki na samaki 6 jumla ya wolai na soga, wolai wasizidi 4, na wolai yeyote wa kati ya inchi 19 na nusu na inchi 28 anarudi majini saa ileile, aliyezidi 28 unaruhusiwa mmoja tu. Inchi 19 na nusu ni kama sentimita 50. Mtu wa Ziwa Victoria akisikia 50 lazima masikio yasimame, maana kwetu kwa miaka mingi kipimo cha sangara kilikuwa 50 mpaka 85, chini ya 50 mchanga, ukikutwa naye ni faini, juu ya 85 mzazi, aachwe. Yaani palepale sangara anapoanza kuwa halali ndipo wolai anapoanza kuwa haramu! Tulikaa tunaangaliana. Jaduong' akasema, "Hii sheria imeandikwa na mtu amesimama na kichwa." Tukaijadili kama wabunge, fimbo zimeinama hatuoni. Mwisho tukakubaliana ina akili, ni ukubwa wa samaki mwenyewe tu, sangara anapita mita moja anaendelea, kwahiyo akiwa na sentimita 50 ni mtoto wa shule, wolai jike wa urefu huo tayari ni mama, amekomaa, ndo anayelijaza ziwa. Wale wadogo wapo wengi na ndo watamu kula. Ziwa lile linalinda mama zake, letu pia lilitaka kulinda mama zake, vipimo ndo vimepishana. Tofauti nyingine ni kwamba kule mtu akimrudisha mama majini halali na njaa, na hilo si jambo dogo, watu wa warsha na semina wakija mialoni huwa wanalipita haraka sana.

Haya, saa 4 hivi fimbo ya jaduong', ile ya kiboya, kiboya kikazama hakikurudi. Akairukia. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikaingia kwenye tundu, rili, kile kigurudumu cha uzi, inalia, uzi unaenda, na mtu mzima mwenye wajukuu anaanza kupiga kelele kwa Kiluo peke yake. Mi nikawa nimepiga magoti natoa vipande vya barafu, namwambia "Taratibu jaduong', mpe uzi, mpe, mpe, usimkazie!" naye "Wacha kunifundisha, mimi nimezaliwa kwa maji!" Samaki alikuja mpaka chini ya tundu akaona mwanga akageuka akaenda zake tena, akarudishwa, akaenda. Shida ya tundu ni hiyo, huna nafasi ya kuzunguka, lazima kichwa chenyewe kikubali kuingia, akija ubavu unamkosa. Mara ya mwisho nikaona kichwa kinapanda kwenye yale maji ya chai, jicho kubwa limenitazama, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, baridi yake sina maneno, nikambeba kwa chini ya tumbo, tukamlaza kwenye rula. Inchi 26 na robo. Haramu.

Nilimwangalia jaduong' usoni. Kwetu sisi huyu ni pesa, ni sufuria ya watu wanane, na mabondo yake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, yangekuwa na mteja kama angekuwa sangara. Jaduong' akamshika kwa mikono miwili, nikapiga picha moja haraka, akampeleka kichwa kwanza kwenye tundu, akamshikilia kidogo mpaka akapata nguvu, samaki akapiga mkia mara moja maji yote yakaturukia, huyo. Na jaduong' akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Akasema, "Ndugu yangu, baba yangu angeona hivi angenichapa mimi na wewe pamoja." Na mimi nikaanza. Nadhani hiyo ndo ilikuwa siku yenyewe, mhariri, hiyo dakika, mtu wa ziwa anamwachia samaki mkubwa na haimuumi popote.

Mchana samaki walipoa, wakawa wanapita mmoja mmoja. Tukapasha chapati juu ya jiko la gesi, chai ya chupa, na stori. Ndo unajua mtu umefanya naye kazi miaka na hujui kwamba na yeye alikuwa anatumwa kushika taa ya karabai usiku wa omena, giza la mwezi, akisinzia anapigwa maji usoni. Sisi watoto wa Musoma tulivyokuwa tunaambiwa taa za mbali kule ni za Wakenya wezi wa samaki, kumbe na wao waliambiwa zile za mbali ni za Watanzania wezi wa samaki. Tuliongea wazazi, tuliongea waliozama na hawakuonekana, kila mtu anao wake, tuliongea na upuuzi mwingi ambao siwezi kuuandika kwenye gazeti lenu la heshima. Barafu ikilia tunanyamaza, ikipita tunaendelea.

Jioni jua likishuka wakaja tena, tena kwa fujo, wolai wadogo wa inchi 15, 16, wale hasa wa kuliwa. Mi nikafikisha wanne wangu, jaduong' akabakiza mmoja na akasingizia upawa.

Pale hotelini kuna banda la kuparia samaki, lina taa na maji ya moto na visu vya umeme. Wenyeji wanatoa minofu miwili, kwenye mnofu wanaacha kipande cha ngozi ili askari wa wanyamapori akikusimamisha njiani ajue ni samaki gani, na wajuzi wanatoa na nyama ya shavu, kipande kama sarafu, alafu kilichobaki chote kwenye ndoo ya taka. Kichwa na mifupa ndoo ya taka! Mimi nimetoka kwenye mji unaokula mapanki, yale mabaki ya sangara akishatolewa minofu, jaduong' ametoka kwenye nchi inayokula yaleyale kwa jina la mgongo wazi, hatukuhitaji hata kuangaliana. Tukamuuliza yule mzee wa meza ya pili kama anavitaka vichwa vyake, akasema hapana, akatujazia mfuko, na wa pembeni yake naye akaleta vyake. Tukaondoka na vichwa vingi kuliko samaki tuliowavua.

Kesho yake shemeji, mke wa jaduong', akatupikia mchuzi wa vichwa na ugali, nyanya nyingi, dania, pilipili mbuzi. Akaonja, akanyamaza, akasema samaki mzuri lakini hana mafuta, mbuta ni mbuta. Jaduong' akamtetea wolai kwa hasira kweli kweli, akasema basi wewe usile, akavuta bakuli upande wake. Shemeji hakumjibu, alivuta lile la minofu. Vichwa vilivyobaki bado viko kwenye friza yao na mimi nadai nusu, yeye anasema gari lilikuwa lake.